Hataza ya Kupoza Chai

Nchi ninayotaka kuwasimulia sitaitaja jina, maana wananchi wake wanaipenda sana na hawataki itajwe ovyo. Ni shirikisho. Maana yake ni kwamba kuna Serikali Kuu, ambayo ina kila kitu, na kuna majimbo, ambayo yana kila kinachobaki. Mambo huenda vizuri kabisa. Pale yasipokwenda vizuri Serikali Kuu huunda tume, na tume ikimaliza kazi huwa kila mtu ameshasahau kilichoharibika.

Fahari kubwa ya Serikali Kuu ni Ofisi ya Hataza. Hataza, kwa wale ambao bado hawajapelekewa barua, ni cheti anachopewa mtu aliyebuni kitu kipya ili wengine wasikitumie bila ruhusa yake. Ofisi yenyewe iko katika jengo zuri la vioo lenye lifti mbili, moja ya wakubwa na nyingine inayomsubiri fundi. Ndani mna wachunguzi wasomi wenye kanuni ambayo haijawahi kuvunjwa. Kitu kikiletwa, mchunguzi hushuka maktaba kutazama kama kimewahi kuandikwa. Kikikutwa kimeandikwa, ni cha zamani. Kisipokutwa, ni kipya. Kwa njia hii Ofisi imegundua kwamba yale mambo ambayo kila mtu anayajua, na ambayo kwa sababu hiyo hakuna aliyehangaika kuyaandika, ni mapya kabisa.

Siku moja ikaja Kampuni iitwayo Ubunifu Mkuu. Haikuwa na kiwanda wala karakana. Haikutengeneza kitu wala kuuza kitu. Ilikuwa na zulia, mashine ya kuchapa barua, na wakili. Iliomba hataza ya "njia ya kupunguza joto la kinywaji kwa kukihamisha baina ya vyombo viwili, chombo kimoja kikiwa juu ya kingine." Mchunguzi akashuka maktaba. Akakuta vitabu juu ya injini za mvuke, na kimoja kinene sana juu ya kukamua ngamia, lakini juu ya jambo hilo hakuna hata ukurasa. Aliporudi mezani alikuta chai yake bado inachoma, akaimimina kutoka kikombe hadi kikombe mpaka ikanyweka, akanywa, akagonga muhuri. Wenzake wanasema alikuwa mtu makini sana, na mimi sina sababu ya kubisha.

*

Sasa lipo jimbo linaitwa Ukindu, ambako watu hunywa chai ya maziwa na tangawizi, na huinywa ikiwa imetoka kuchemka. Huko ukiagiza chai unaletewa vikombe viwili, kimoja kina chai na kingine kitupu, na hakuna mtu aliyewahi kuuliza hicho kitupu ni cha nini. Kampuni ilipopata habari hizi ilifurahi kama mwindaji aliyeonyeshwa zizi.

Barua zikamiminika Ukindu. Zilifika kwenye hoteli za chai, zikafika shuleni, zikafika hata kwenye chumba cha kuoshea maiti, ambako wafanyakazi hupata kikombe asubuhi. Kila barua ilimtaka mhusika atie saini tamko na kununua kibali, la sivyo askari wa Mahakama ya Shirikisho wangekuja na kufuli. Wengi walitia saini. Wakili wa kukutetea mahakamani ni ghali kuliko kibali, na Kampuni, kwa huruma yake, ilikuwa imelipiga hesabu jambo hilo mapema.

Waliokosa uwezo walikunywa chai ikiwa ya moto. Ukindu nzima ikaungua ulimi. Waheshimiwa wa Baraza la Jimbo walikaa kikao kizima bila yeyote kuweza kusema zaidi ya maneno machache, na Spika alikisifu kikao hicho kuwa ndicho chenye tija kuliko vyote alivyowahi kuviongoza.

Mmoja alikataa kutia saini. Huyo ni Bi Mashavu Mzale, mwenye hoteli ya chai inayotazamana na soko kuu. Bi Mashavu humimina chai mkono mmoja ukiwa juu ya utosi na mwingine usawa wa kiuno, na tone halianguki. Watu huja kutoka mbali kunywa chai, lakini ukweli ni kwamba wanakuja kutazama. Uwezo wa kununua kibali alikuwa nao. Kilichomkwama kooni ni sentensi moja ya lile tamko: kwamba yeye, pamoja na yeyote aliyemfundisha, wametumia mali ya Kampuni kwa wizi.

"Aliyenifundisha ni mama," aliwaambia wateja wake, barua ikiwa mkononi. "Alisimama hapa hapa miaka yake yote, akatulea kwa hivi vikombe. Nikitia saini nimemwita mama mwizi, na mwenyewe hayupo ajibu. Hoteli wafunge wakitaka. Saini hawaipati."

Aliumia kweli, tusifanye mzaha. Hoteli ile ilikuwa ndiyo maisha yake, na alikuwa amekwisha kuanza kufikiri ataamkia wapi asubuhi ikiwa haamkii pale.

*

Hapo ndipo alipojitokeza mtetezi wa wanyonge, Mwanasheria Mkuu wa Jimbo, Mheshimiwa Shabo Ngwali. Huyu ni mtu ambaye hata kikohozi chake kina vifungu. Alisimama barazani, ulimi ukiwa umeshapona kidogo, akahutubia kuanzia asubuhi mpaka wapishi wakaanza kuchungulia mlangoni. Alisema Ukindu haitakubali kutishwa kwa karatasi. Alisema damu ya wahenga inachemka. Mtu mmoja wa nyuma aliuliza kama damu hiyo ina kibali cha kupozwa, akatolewa nje.

Ikapitishwa Sheria ya Kuzuia Barua za Nia Mbaya. Sheria hiyo ilisema kwamba yeyote atakayemtishia mwananchi wa Ukindu kwa hataza, bila kueleza hataza yenyewe ni ipi, mwananchi amekosa nini, na kwa nini anaharakishwa, atashitakiwa kwa nia mbaya. Watu walicheza ngoma. Bi Mashavu alitoa chai bure siku hiyo, na alimimina kutoka juu zaidi ya kawaida.

Kampuni ikakimbilia Mahakama ya Shirikisho. Majaji waliketi, wakavaa miwani, wakatoa hukumu ambayo mpaka leo inafundishwa vyuoni, hasa siku za mvua. Walisema hataza ni mali ya Serikali Kuu, na jimbo haliruhusiwi kuigusa hata kwa fimbo ndefu. Jimbo laweza kumwadhibu mwenye hataza kwa kudai, ila tu yakithibitika mambo mawili kwa pamoja: kwamba dai lake ni upuuzi mtupu mbele ya kila mwenye akili, na kwamba yeye mwenyewe alijua ni upuuzi. Lakini, wakaendelea majaji, dai lenye muhuri wa Ofisi ya Hataza haliwezi kuwa upuuzi mtupu, kwa kuwa Ofisi haina muhuri wa upuuzi. Kwa hiyo nia ya Kampuni, iwe mbaya kiasi gani, ni nia iliyosajiliwa.

Vifungu vyote vya sheria ya Ukindu vikafutwa, isipokuwa kimoja kilichosema kwamba barua sharti ianze kwa salamu. Majaji waliona salamu ni jambo la ndani ya jimbo na hazimdhuru mtu. Tangu hapo barua za Kampuni zikawa na adabu ya kupendeza. Bi Mashavu alipokea ya pili ikimuuliza hali, ikimuuliza habari za wajukuu, ikimpa pole ya mguu wake unaouma, kisha ikimwita mwizi yeye na mama yake.

Alisema ile ya kwanza ilimkasirisha tu. Hii ya pili ilimfanya akae chini.

*

Mheshimiwa Ngwali hakukata tamaa. Uchaguzi ulikuwa karibu. Alijifungia na Katiba ya Shirikisho, akaisoma kuanzia mwanzo, jambo ambalo halikuwa limefanywa na mtu yeyote wa wadhifa wake. Akakuta orodha ya mambo yaliyoachiwa majimbo: mbwa wasio na wenyewe, makaburi, ngoma, na ukaribishaji wa wageni. Alipofika hapo alifunga Katiba taratibu na kutabasamu.

Baraza likapitisha sheria nyingine, ya Heshima kwa Mgeni. Humo neno hataza halimo hata kwa bahati mbaya. Inasema tu kwamba mtu yeyote mwenye dai dhidi ya mwananchi wa Ukindu atalileta kwa miguu yake, yeye au wakili wake. Atapokewa kama mgeni. Hatafungua mdomo kueleza shida iliyomleta mpaka awe ameketishwa, ameulizwa habari za kwao, na amemaliza chai aliyopewa. Kusema shida kabla ya kukaribishwa ni kosa. Kuacha chai kikombeni ni kulitukana jimbo.

Kampuni ilikwenda tena mahakamani. Safari hii majaji walijikuna. Walitafuta sheria ya Serikali Kuu inayohusu kukaribishwa, wakakuta hakuna, maana Serikali Kuu haijawahi kumkaribisha mtu. Tena wao wenyewe walikuwa wamealikwa Ukindu kwa semina ya wiki nzima. Sheria ikapita bila mkwaruzo.

Ndipo wakili wa Kampuni, bwana mmoja nadhifu aitwaye Gervas Tindwa, alipofunga safari kwenda Ukindu na mkoba wa barua. Aliambatana na askari wa Shirikisho wakiongozwa na sajini mmoja mrefu, mtu wa kufuata amri kwa herufi zake. Amri yenyewe ilisema hivi: wakili akishamsomea mwananchi dai lake, na mwananchi akionekana akitumia njia iliyosajiliwa bila kibali, sajini afunge mahali pake pa kazi.

Maskini Tindwa. Nyumba ya kwanza alikaribishwa kwa furaha, akaketishwa, akaulizwa habari za baba, za mama, za shangazi, za mvua ya kwao, kisha akawekewa chai iliyokuwa bado inatoa povu. Kikombe kimoja. Kile kitupu hakikuletwa, maana mwenye nyumba hakuwa na kibali. Akainywa hivyo hivyo, machozi yakimtoka, mwenyeji akimsifu kwa upole wake. Alipofungua mdomo asome barua, sauti haikutoka. Nyumba ya pili mambo yakawa yale yale, wakamwongezea na maandazi. Nyumba ya tatu walikuwa na msiba, na mgeni haondoki msibani. Alipotoka huko alikuwa anatembea kama mama mjamzito, na hakuna barua hata moja iliyokuwa imesomwa ikaeleweka.

*

Akafika kwa Bi Mashavu. Soko zima lilikuwa limejua, watu wamejaa mpaka barabarani. Sajini alisimama mlangoni, kufuli mkononi. Bi Mashavu alilitazama lile kufuli, akajifuta mikono kwenye kanga, akasema karibuni.

Alimuuliza Tindwa habari za kwao, naye akajibu kwa kutikisa kichwa, maana ulimi ulikuwa umevimba. Akaweka chai mbele yake. Safari hii aliweka vikombe viwili, kama ilivyokuwa desturi ya hoteli ile tangu mama yake. Hakukusudia mtego. Aliniambia mwenyewe baadaye kwamba alishaona yamekwisha, na hakutaka siku ya mwisho amhudumie mtu nusu nusu.

Tindwa aliitazama chai. Ilikuwa inachemka bado. Akainua kikombe, mvuke ukamgusa mdomo, akakirudisha. Akapuliza, akajaribu tena, bado inachoma.

"Mwanangu," akasema Bi Mashavu, "mbona unajitesa? Ifanye kama unavyofanya kwenu."

Nadhani hakufikiri. Mtu akishaungua kiasi kile, kichwa kinaacha kazi na mikono inajiendea yenyewe. Tindwa alikamata kikombe kile kitupu, akainua chenye chai juu ya bega, akamimina. Akabadilisha, akamimina tena. Alimimina vizuri, tena vizuri sana, uzi mmoja mrefu usiokatika, hata wazee waliokuwa pale wakaguna kwa kuridhika. Kisha akanywa yote kwa mkupuo, akafumba macho.

"Nani alikufundisha?" akauliza Bi Mashavu.

"Mama," akasema Tindwa. Lilikuwa neno la kwanza kueleweka tangu aingie jimboni.

Bi Mashavu akavuta kiti, akaketi mbele yake. Hakupandisha sauti. "Basi mwanangu, kabla hujanisomea hiyo barua, iandike upya. Mama yako na mama yangu uwaweke mstari mmoja. Kisha uisome."

Tindwa aliirudisha ile barua mkobani, na machozi yaliyomtoka safari hii hayakuwa ya moto wa chai.

Hapo akasogea sajini. Alikuwa ameona kwa macho yake mwananchi akitumia njia iliyosajiliwa, tena mwananchi anayelijua dai bila kusomewa, na amri ni amri. Akamwomba wakili kibali. Tindwa hakuwa nacho. Kampuni ilikuwa imeapa mahakamani kwamba haitengenezi, haiuzi wala haitumii kitu chochote, na mtu asiyetumia hahitaji kibali. Sajini akamwomba radhi, akamuuliza mahali pake pa kazi ni wapi. Tindwa akamtajia anuani ya Kampuni, mjini makao makuu. Sajini akaiandika, akapiga saluti, akaondoka na askari wake. Kesho yake kufuli lilikuwa mlangoni kwa Ubunifu Mkuu, zulia likiwa ndani na mkurugenzi nje.

Majaji walisema hawawezi kulifungua, kwa kuwa hataza ni mali ya Serikali Kuu na haiguswi.

*

Ukindu ililipuka kwa furaha. Mheshimiwa Ngwali alibebwa mabegani kuanzia barazani hadi sokoni. Alihutubia akisema ushindi ni wa wananchi, na akarudia mara nyingi kwamba wazo lilikuwa lake. Bi Mashavu alimmiminia kikombe mbele ya umati, na picha ikapigwa. Watu walilia. Hata mimi, ambaye kazi yangu ni kusimulia tu, nilijikuta nampigia makofi.

Muda si mrefu Mheshimiwa alijiuzulu ili, kwa maneno yake, kuwatumikia wananchi kwa upana zaidi. Akahamia mjini makao makuu, akanunua zulia. Kisha akapeleka ombi kwenye Ofisi ya Hataza: "njia ya kumzuia mdai kwa kumkaribisha, kumketisha, kumuuliza habari za kwao na kumpa chai kabla hajasema shida yake." Mchunguzi akashuka maktaba. Akatafuta kwa uaminifu, na habari za kukaribisha hivyo akazikuta mahali pamoja tu, katika Sheria ya Heshima kwa Mgeni ya Ukindu, iliyoandikwa na Shabo Ngwali, na alichokiandika mwombaji mwenyewe hakihesabiwi kuwa cha zamani. Akapanda juu, akampa Bwana Ngwali mkono wa pongezi kwa kuwa mtu wa kwanza duniani kumkaribisha mdai, akagonga muhuri.

Kuanzia hapo, yeyote mwenye kumkaribisha mdai na kumpa chai kabla ya kumuuliza kilichomleta sharti awe na kibali cha Ngwali na tamko lililotiwa saini. Tamko linakiri kwamba yeye, pamoja na yeyote aliyemfundisha ukarimu, wametumia mali ya mwenye hataza kwa wizi.

Kwa heshima ya mambo waliyopitia pamoja, Bwana Ngwali aliamua kuanza na Bi Mashavu, tena apewe kibali bure, atie saini tu. Na kwa kuwa sheria ya Ukindu bado inamtaka mwenye dai alilete kwa miguu yake, alikuja mwenyewe, suti mpya, mkoba mpya. Akafika mlangoni. Akasimama hapo, kwa sababu hakuna mgeni anayeingia bila kuambiwa karibu.

Bi Mashavu alimwona. Habari za hataza mpya zilikuwa zimeshamfikia, soko halifichi kitu. Aliutazama mkoba, akaelewa kilichomo ndani, nami nilimwona uso wake ukibadilika kama siku ile ya barua ya pili. Kisha akageuka, akaendelea na kazi.

Ngwali akasubiri. Akakohoa. Aseme shida yake hawezi, maana sheria aliyoiandika inakataza mtu kusema kabla ya kukaribishwa. Hata kutaja kile kibali cha bure ni kusema shida. Wateja wakawa wanampita ubavuni, kushoto na kulia, wakimwambia samahani mheshimiwa. Jua likapanda. Jasho likamloa kola. Kutoka pale mlangoni aliona kila kikombe kikimiminwa, na harufu ya tangawizi ikamfikia yote.

Mwishowe akashindwa. "Bi Mashavu," akasema kwa sauti ya chini, "nikaribishe basi."

Bi Mashavu alikuwa ameinua mkono juu ya utosi, chai inashuka. Hakumtazama mpaka ilipokwisha.

"Ningependa sana, mheshimiwa," akasema. "Ila sina kibali."